Seva ya steshenari: namna ya kupokea, kuprinti na kufuta karatasi za watu

Nina steshenari Mabibo, si mbali na Hosteli. Kwa siku moja ya kawaida mikononi mwangu hupita vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya pango, barua za kuachishwa kazi, majibu ya hospitali, fomu za mkopo wa chuo na tasnifu za mwaka wa tatu. Mteja ananitumia faili WhatsApp, nampa karatasi zake, ananipa hela, anaondoka. Faili linabaki kwangu.

Lilibaki miaka. Kwenye kompyuta ya kaunta kulikuwa na folda niliyoiita SCAN, na kila nilichoskani kiliingia humo. Jioni moja ya mwaka 2023 natafuta CV ya kijana mmoja, nyuma ya bega langu amesimama mama jirani anasubiri kopi. Ninavyoteremsha orodha, akanyoosha kidole hadi kikagusa kioo: "Hee! Kumbe na hawa wanagombea mirathi?" Jina la faili lilikuwa jina la ukoo, kisha neno MIRATHI, kisha tarehe. Nililiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, ili nilipate haraka.

Usiku ule nilibaki dukani nikahesabu: mafaili 3,412. Na nilipoendelea kuchunguza nikagundua folda nzima ilikuwa inapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya nje, kwa akaunti aliyoifungua fundi siku aliponitengenezea kompyuta. Sikuwahi kuambiwa, na mimi sikuwahi kuuliza. Watu wale waliniamini na karatasi zao, na mimi nikaziweka kabatini kwa mtu nisiyemjua.

Haya ninayoandika ni namna nilivyotengeneza upya. Nimeyaandikia wenzangu wa steshenari, lakini mwenye duka la dawa, dalali wa nyumba au katibu wa VICOBA anayetunza nakala za vitambulisho vya wanachama anaweza kuchukua sehemu inayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na inamgusa kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Isome, ipo kwa Kiswahili. Mimi sikuanza kwa ajili ya sheria. Nilianza kwa sababu ya kile kidole kwenye kioo.

Kabla ya kununua chochote

Futa. Hatua hii haina gharama, nayo inafanya kazi kubwa kuliko seva yoyote, yaani kompyuta inayopokea na kutunza mafaili kwa ajili ya vifaa vingine. Nilijiuliza kwa kila aina ya faili: je, mteja aliniachia nilitunze, au aliniachia niliprinti? Jibu karibu kila mara lilikuwa la pili. Kati ya yale 3,412 niliyobakiza yalikuwa 19, yote yangu: leseni, TIN, mkataba wa fremu, orodha za bei, na madaftari ya mapato.

Ndipo nikaelewa kwamba nahitaji sehemu mbili tofauti kabisa. Moja ya vitu vyangu, inayotunza. Nyingine ya vitu vya wateja, inayosahau. Wengi wanaojenga seva za nyumbani wanahangaika na namna ya kutunza tu. Kwa biashara kama yetu, kusahau ndiko kwenye kazi.

Kompyuta ya kuwa seva

Huhitaji mashine kubwa. Tafuta zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba, zenye ukubwa wa kitabu kinene: HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro. Zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba ndizo nzuri kwa mfuko wetu. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda mbele, na msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo wanunuzi wengi wanazikwepa. Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, haina ugomvi nazo. Hakikisha ina RAM ya GB 8. Hiyo usipunguze, utaona sababu mbele.

Yangu niliinunua Kariakoo kwa shilingi 320,000, lakini sikununua ya kwanza niliyopewa. Nenda na flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye mashine. Mwombe muuzaji aiwashe kwa flashi hiyo, kisha andika:

smartctl -a /dev/sda

Diski itajieleza yenyewe. Tazama mistari mitatu: Power_On_Hours (saa ilizofanya kazi), Reallocated_Sector_Ct (sehemu zilizokufa) na Current_Pending_Sector (sehemu zinazotiliwa shaka). Mashine ya kwanza diski yake ilikuwa na saa 41,000. Hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu ikizunguka usiku na mchana. Mstari wa pili ulisoma 112, maana yake sehemu 112 zimeshakufa na kuhamishwa. Kwa nje ilikuwa inang'aa, imepigwa dawa, na stika mpya juu. Ya pili ilikuwa na saa 9,600, na mistari miwili iliyobaki ilisoma sifuri. Nikachukua hiyo. Muuzaji alikuwa mwungwana. Aliniomba nimwonyeshe namna ya kusoma, na ile ya kwanza akaiweka pembeni.

Ukifika nayo nyumbani ifungue, ipulize vumbi, na usiiweke sakafuni. Dar joto na unyevu vinakula vyuma, na sisimizi hupenda sana mahali penye joto dogo la umeme. Yangu ipo kwenye rafu ya ukutani, miguu ya rafu nimeipaka mafuta ya taa kidogo kila Jumatatu.

Umeme

Mashine hizi zikikaa bila kazi nzito hula kama wati 10. Piga hesabu: wati 10 kwa saa 24 ni uniti 0.24, kwa mwezi uniti 7.2. Kwenye LUKU yangu uniti inanitoka kama shilingi 356, kwa hiyo seva inakula kama shilingi 2,600 kwa mwezi. Ni chini ya bando la wiki moja.

Tatizo ni kukatika. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, tafuta mahali pameandikwa After Power Loss au maneno yanayofanana, weka Power On. Umeme ukirudi saa tisa usiku, mashine itawaka yenyewe. Kisha weka UPS ndogo (betri ya akiba), si ya kuendesha duka, bali ya kuishikilia seva na ruta kwa dakika ishirini na kuzuia ule mshtuko wa umeme unaporudi kwa nguvu.

Mfumo, na siri ya RAM

Nilisimika Debian. Ni mradi ulioanza 1993, unaendeshwa na watu wanaojitolea duniani kote, na hakuna kampuni inayoumiliki. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Sikuweka mazingira ya picha kwenye seva. Maandishi tu yanatosha.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mafaili ya wateja hayaandikwi kwenye diski kabisa. Yanakaa kwenye RAM. Linux ina kitu kinaitwa tmpfs, folda inayoonekana kama folda nyingine yoyote lakini ipo kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima mashine, hakuna kilichobaki cha kutafuta, hata mwizi akiibeba na kumpelekea mtaalamu. Fungua /etc/fstab, faili linaloiambia mashine iandae folda zipi ikiwaka, uongeze mstari huu:

tmpfs /srv/wateja tmpfs size=2G,mode=0700,uid=1000,gid=1000,noswap 0 0

Neno noswap mwishoni ni la lazima. Bila hilo, RAM ikibanwa, Linux inaweza kuhamishia sehemu ya mafaili kwenye eneo la swap, ambalo ni diski, na hapo umerudi ulikotoka. Neno hilo linakubalika kuanzia kiini cha Linux 6.4, Debian 13 ina 6.12, haina shida. GB 2 zinatosha sana. Siku yangu yenye kazi nyingi kuliko zote, wiki ya kukusanya tasnifu, haikufika GB 1.

Watu wa Dar tunalalamikia umeme kukatika. Kwa folda hii, umeme ukikatika zaidi ya muda wa UPS, folda inajisafisha. Mteja aliyekuwa kwenye foleni atatuma tena, inamchukua nusu dakika.

Lakini seva inaweza kukaa siku kumi bila kuzimika, kwa hiyo usitegemee hilo. Andika crontab -e, ifunguke ratiba ya kazi ambazo mashine inazifanya yenyewe, uweke:

*/10 * * * * find /srv/wateja -type f -cmin +120 -delete

Kila dakika kumi inapita, inafuta kila faili lililozidi saa mbili. Nilianza na saa 24, nikashusha hadi 6, kisha 2. Hakuna mteja wangu aliyewahi kusubiri kuprinti zaidi ya saa mbili akiwa mlangoni.

Namna ya kupokea faili

Hapa nilikosea mara moja, na kosa lenyewe linafaa ulijue. Mwanzoni niliweka programu inayofanya simu zote zilizo kwenye Wi-Fi moja zionane, unagusa jina la kifaa unatuma. Ilikuwa nzuri machoni. Siku ya tatu binti mmoja akagusa kifaa kisicho changu, na picha ya kitambulisho chake ikaingia kwenye simu ya kaka aliyekaa kwenye benchi. Kaka aliifuta mbele yetu sote na kumwomba radhi, ingawa hakuwa na kosa. Niliiondoa programu ile kabla ya kufunga duka.

Kinachotakiwa ni mlango wa kuingilia tu: mteja aweze kutumbukiza, asiweze kuona kilichomo, kama sanduku la maoni. Nikapata copyparty, programu huria ya faili moja inayoendeshwa na Python. Pakua copyparty-sfx.py, kisha:

python3 copyparty-sfx.py -a mimi:PASWEDI -v /srv/wateja:/tuma:w:rwmd,mimi

Soma polepole. Ile w peke yake ni kwa kila mtu: kuandika tu, bila kusoma. Rwmd ni kwangu peke yangu nikiingia kwa paswedi: kusoma, kuandika, kuhamisha, kufuta. Mteja akifungua anwani ya seva kwenye simu, namba ya mlango 3923, anakuta sehemu ya kupandisha faili na basi. Hata faili lake mwenyewe halioni tena likishaingia.

Kabla ya kumwamini mtu yeyote na mlango huu, jaribu kuuvunja mwenyewe. Chukua simu ya mdogo wako, tuma picha, kisha jaribu kuifungua, jaribu kubahatisha jina la faili, rudi nyuma, pekua. Mimi nilimpa mpwa wangu wa kidato cha tatu alasiri nzima na ahadi ya chipsi mayai akifanikiwa kuona faili lolote. Hakufanikiwa, chipsi alipata.

Kwa upande wa Wi-Fi nilitafuta ruta inayokubali OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile iliyokuja na ruta. Tovuti yao ina orodha ndefu ya ruta zinazokubalika. Kabla hujalipa geuza ruta usome stika ya chini, maana jina linaweza kuwa moja lakini toleo la kwanza likakubalika na la tatu likakataa. Nimetenga mtandao wa wateja na wangu. Ule wa wateja unafika kwenye seva, kwenye ule mlango mmoja, na hauna njia ya kwenda intaneti wala kwenye kompyuta yangu ya mahesabu.

Ukutani nimebandika QR mbili: ya juu inaunganisha Wi-Fi, ya chini inafungua ukurasa. Programu ya qrencode inazitengeneza zote. Utakutana na jambo moja hakika: simu ikigundua Wi-Fi haina intaneti inarudi kimyakimya kwenye bando, na ukurasa unakataa kufunguka. Mteja anaona kama mashine yako ni mbovu. Mwambie azime data kwa dakika moja, au akubali simu ikiuliza kama aendelee kutumia mtandao huo. Nimeiandika chini ya QR kwa maandishi makubwa: ZIMA DATA, TUMA, WASHA DATA. Tangu niandike hivyo maswali yamepungua sana.

Faida nyingine niliiona Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 na intaneti ikazorota siku kadhaa. Wenzangu mtaani walikuwa wanasubiri mafaili ya WhatsApp yazunguke na kuzunguka. Kwangu faili lilikuwa linasafiri mita tatu, kutoka kwenye benchi hadi kwenye rafu. Lilifika.

Kompyuta ya kuprintia

Hii nayo ina Debian, pamoja na LibreOffice, programu huria ya nyaraka. Mambo manne yalinigharimu muda, wewe usirudie.

La kwanza ni fonti. Tasnifu ya kurasa 84 ilifunguka ikawa kurasa 87, na orodha ya yaliyomo ikasema uongo. Fonti za Microsoft haziji pamoja na Linux, lakini zipo zenye vipimo vilevile: Liberation Serif kwa Times New Roman, Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria.

sudo apt install fonts-liberation fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Hata hivyo wanafunzi nawaomba PDF. Kazi ya mtu ya mwaka mzima haifai kubahatisha.

La pili ni CUPS, mfumo wa kuprinti. Wachache wanajua kwamba, usipoigusa, CUPS inatunza nakala ya kila kazi kwa siku nzima, na majina ya kazi kwa muda mrefu zaidi. Yaani ungefuta folda yote halafu neno MIRATHI likakusubiri kwenye orodha ya printa. Fungua /etc/cups/cupsd.conf uongeze:

PreserveJobFiles No
PreserveJobHistory No

Kisha sudo systemctl restart cups. Na kama una mashine kubwa ya kopi ya mtumba kutoka ofisini, ujue nyingi zina diski ndani inayohifadhi picha za kurasa. Mwulize fundi aiangalie, hasa siku ya kuiuza.

La tatu ni pale ninapopakua faili kwenye kompyuta hii. Folda ya Downloads nayo nimeifanya tmpfs kwa mstari kama ule wa fstab, nikibadilisha jina la folda, na LibreOffice nimeiambia isikumbuke mafaili ya karibuni.

La nne ni furaha tupu. Flashi za wanafunzi zimejaa virusi vya shotikati: mtu anafungua flashi anakuta alama moja ya mshale, mafaili yamepotea, machozi yanaanza. Kirusi kile kimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Debian hakiwaki. Na mafaili hayakupotea, yamefichwa tu kwenye folda ambayo jina lake ni nafasi tupu. Linux haijali ule ufichaji wa Windows, inaonyesha kila kitu. Nimewarudishia watu kazi zao mara nyingi namna hii bila kutumia programu yoyote ya ziada, na sitozi.

Simu ya duka

Wapo wateja watakaotuma WhatsApp tu, na sitawafukuza. Lakini simu ile si yangu binafsi tena. Nilinunua Pixel ya mtumba, nikaiwekea GrapheneOS, mfumo wa Android usio na programu za Google ndani yake, na unaokubali simu za Pixel tu. Simu nyingi za bei nafuu tunazotumia hapa haziingii kwenye orodha yake, wala ya LineageOS, mfumo mwingine wa aina hiyo. Usinunue kwa kukisia, soma orodha kwanza.

Ukiwa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na simu mkononi fanya mambo mawili kabla hela haijatoka. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone jibu. Kisha iunganishe na intaneti, nenda kwenye maelezo ya simu, gusa Build number mara saba, ingia Developer options, utazame OEM unlocking. Ikiwa imefifia haiguswi hata baada ya kuunganishwa, iache: mara nyingi imefungwa na kampuni ya simu ya nchi ilikotoka na hutaweza kubadilisha mfumo. Ikikubali, chukua. Uliza pia umri: Pixel 6 na 7 zinapewa masasisho ya usalama miaka 5 tangu zitoke, Pixel 8 na zilizofuata miaka 7.

Kusimika ni kwa kivinjari na waya, ukifuata kurasa zao hatua kwa hatua kama dakika thelathini. WhatsApp niliiweka kwenye profaili yake peke yake, nikazima upakuaji wa moja kwa moja, nikawasha ujumbe unaofutika baada ya saa 24. Mfumo wenyewe ukikaa saa 18 bila kufunguliwa unajizima na kuwaka upya, na vyote vilivyomo vinarudi kufungwa hadi uweke paswedi. Programu nyingine nazichukua F-Droid, duka la programu huria.

Watu huniuliza kuhusu hela. Programu za benki nyingine zinaweza kukataa simu isiyo ya kawaida, lakini *150*00# na wenzake ni huduma ya mtandao wa simu, haiangalii mfumo. Kwenye simu hii napokea malipo ya duka kila siku.

Nakala za vitu vyangu

Mafaili ya wateja hayana bakapu, kwa makusudi. Yale 19 yangu pamoja na picha za wanangu yana nakala tatu: kwenye seva, kwenye diski ya nje nyumbani, na kwenye diski nyingine kwa dada yangu Morogoro, ambayo tunabadilishana kila nikienda. Natumia restic, programu ya kutengeneza nakala, kwa sababu inafunga kila kitu kwa paswedi kabla ya kuandika. Dada akiibiwa, mwizi kapata chuma. Ila paswedi ya restic ikipotea, hata waliotengeneza restic hawawezi kukusaidia. Yangu imeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, pamoja na hati ya kiwanja. Na mara moja kila miezi mitatu narudisha faili moja kutoka kwenye nakala nione kama linafunguka.

Diski za nje zinazouzwa bei ya kushangaza zijaribu kwa f3, programu inayopima ukubwa wa kweli wa diski. Unaandika f3write kwenye diski, kisha f3read. Inajaza diski nzima na kusoma tena. Niliwahi kupewa ya "TB 2" iliyokuwa na GB 32 za kweli. Inakupokelea mafaili bila kulalamika, halafu inaandika juu ya yale ya mwanzo. Kwenye duka langu nauza flashi, na kila boksi jipya natoa kadhaa nazipitisha f3 kabla sijazipanga kwenye kioo.

Kuifikia seva ukiwa nje

Mimi ya duka sikuifungua nje, na sitaifungua. Kama unataka ya nyumbani, ingia kwanza kwenye ruta utazame anwani ya WAN, ile ambayo ruta inapewa na mtoa huduma. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine wa mtoa huduma wako, na hakuna mlango wa kufungua kutoka nje. Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa vyako, inapita hapo yenyewe na inatosha kwa picha za simu. Ukitaka WireGuard utahitaji seva ndogo ya kukodi katikati, na kumbuka ni VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwao. Kamilisha utaratibu huo kabla hujawasha.

Jambo la mwisho utakalolazimika kulizoea ni mteja anayerudi. Wiki iliyopita kijana alikuja mbio, ana usaili saa nne: "Dada, nitolee ile CV ya mwezi jana, si unayo?" Nikamwambia sina, hapa mafaili yanaishi saa mbili. Alikasirika kidogo. Nikamfungulia barua pepe yake, tukaikuta, tukaitoa nakala tatu, kisha nikamwekea kwenye flashi ndogo ya GB 8 na kuiandika jina lake kwa kalamu ya wino mweupe. Alilipia flashi, akaifunga kwenye pete ya funguo zake, akaenda kuwahi daladala.